Gololi Shingoni mwa Sayi

Januarius Bujiku alikwenda mnadani kutafuta shati, akarudi hajui hata alichokuwa amekwenda kutafuta.

Ulikuwa mwaka 1995, Bariadi ikiwa bado sehemu ya mkoa wa Shinyanga. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameruhusiwa, na mji ulijaa sura ngeni, pikapu za kampuni na redio za kaseti. Siku ya mnada mitumba ilimwagwa juu ya maturubai mpaka ukingoni mwa barabara. Januarius, kijana mrefu wa Bukundi aliyekuwa mpima pamba wa kampuni moja ya Mwanza, aliinama kwenye rundo la dada mmoja. Dada mwenyewe alivaa gauni la kijani na kitambaa cheupe kichwani. Shingoni, mahali ambapo wengine huning'iniza msalaba, alining'iniza gololi iliyofungwa kwa waya mwembamba wa shaba.

"Mashati yako huku chini, bosi," dada akasema. "Huko juu unatafuta nini?"

"Naangalia gololi."

"Wote husema hivyo."

Januarius aliona haya, lakini alikuwa amesema kweli. Marehemu baba yake alimwachia mfuko wa gololi za zamani, na alipokuwa akisoma shule ya misheni, Bradha mmoja Mmarekani aliyefundisha useremala alimwonyesha jinsi ya kuzitambua. Kioo kikiwa bado cha moto, mashine hukikata na kukiviringisha, na kila kiwanda kiliacha mkato wake. Kulikuwa na kiwanda kimoja cha Marekani, nembo yake kunguru aliyebeba gololi, ambacho rangi ya gololi zake hujizungusha kama parafujo toka juu hadi chini bila kukutana mahali. Za baba yake zote zilikuwa za kunguru: nyeupe, zenye utepe mwekundu. Na pale shingoni, katikati ya waya, aliona weupe na wekundu uliopinda.

Akamweleza dada yule yote hayo, akamalizia kwa kusema kuwa gololi hiyo na zake ni za kiwanda kimoja, pengine hata mfuko mmoja. Alisema kwa uhakika wa mtu anayetaka kuongea zaidi.

Dada alicheka, akamwambia anaitwa Sayi na kwamba gololi ile ilitoka kwa baba yake. Januarius akanunua mashati matatu. Mawili hayakumtosha.

Mapenzi yao yalianza hivyo, na msimu mzima wa ununuzi yalikwenda kama baiskeli kwenye mteremko. Kituo cha Januarius kilikuwa Nkoma, alikozaliwa Sayi, lakini Sayi aliishi Somanda, pale mjini Bariadi, kwa hiyo simu ya ofisi ya kampuni ilipata kazi. Jirani na kibanda cha Sayi palikuwa na duka la Constantine, mojawapo ya maduka machache yenye simu. Constantine aliita, Sayi akakimbia.

"Nani mwenzangu?" Sayi huuliza, ingawa anajua.

"Mzee wa gololi."

"Mzee wa gololi amekula?"

"Amekula ugali na jina lako."

"Basi atakuwa na njaa," Sayi alisema, na Constantine akatikisa kichwa nyuma ya mizani yake ya sukari.

Jumapili moja Sayi alimpeleka kwa mama yake. Ng'washi alikuwa mama wa maneno machache, aliyemlea mwanawe peke yake kwa jembe na pamba. Januarius alivaa suruali yenye mkunjo mkali, akabeba sukari na kanga, na ule mfuko wa gololi, maana Sayi alitaka mama auone. Wakasalimiana kwa Kisukuma. Akakaribishwa uji wa ulezi. Ng'washi akauliza ni mtoto wa nani.

Januarius akajibu kuwa ni mtoto wa Bujiku, aliyekuwa dereva wa lori la pamba, na kwamba amefariki miaka mingi. Kisha akamimina gololi kwenye ungo.

Ng'washi alizitazama. Akanyanyuka, akasema anakwenda kuangalia mbuzi, na hakurudi mpaka mgeni alipoondoka bila kumuaga.

Jioni ile alimwambia mwanawe jambo ambalo hakuwahi kulisema lote. Mwaka aliompata Sayi, lilikuja lori la ushirika kubeba pamba. Dereva aliitwa Bujiku. Alikuwa na mfuko wa gololi nyeupe na nyekundu, watoto wakimkimbilia kila akishuka. Ng'washi naye akapewa moja. Lori lilipoondoka, hakujua bado kwamba ana mimba, na dereva hakurudi tena.

"Yule kijana ni kaka yako," Ng'washi akasema. "Umeleta kaka yako nyumbani."

Sayi alijaribu kulikataa, akakumbuka kuwa Bujiku wako wengi, kila aliyezaliwa usiku aweza kuitwa hivyo. Lakini Bujiku dereva? Mwenye gololi hizo? Na Januarius mwenyewe ndiye aliyesema, bila kuulizwa, kwamba ni mfuko mmoja. Alikumbuka mkono wa Januarius kiunoni mwake walipokuwa njiani kuja, akajifunga kanga upya hapohapo kiunoni. Kisha akamkumbuka tena, na moyo ukaenda kulekule ulikozoea kwenda. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Unamwambiaje mwanamume jambo kama hilo? Sayi hakujua. Akaacha kupokea simu. Alimwomba Constantine ajibu kuwa hayupo, na Constantine, ambaye hakuelewa lolote, alijibu hivyo kwa utii. Asubuhi hayupo. Mchana hayupo. Januarius alianza kuisikia sauti ile usingizini. Akajiambia: huyu mwenye duka ndiye anayejibu kila mara, huyu ndiye aliyenichukulia mtu. Alipokwenda Somanda, Sayi alimwona kwa mbali, akajificha nyuma ya marobota ya mitumba. Januarius akamkuta Constantine na kumuuliza wazi kama yeye na Sayi wanataka kuoana. Constantine akabaki ameduwaa na kibaba mkononi. Alikuwa na mke na wajukuu.

Januarius akarudi Nkoma akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyotoka. Siku hizo alipima pamba vibaya mpaka wakulima wakamwomba apime upya. Usiku alirudia kila neno alilosema kwenye uji ule, asione kosa.

Mwishowe ni Sayi aliyepiga. Alisema haraka, kama mtu anayevuka moto.

"Januarius, usinikatize. Mama anasema baba yako ndiye baba yangu."

Januarius akauliza, kwa sauti ndogo, "Na wewe unasemaje?"

"Mimi sijui chochote. Sijui hata nilie kwa lipi."

Januarius alimwomba aje na gololi yake. Walikutana kwenye benchi la nje ya kanisa, mchana, wameachiana nafasi ya mtu wa tatu. Sayi alifungua uzi wa shingoni, akaiweka gololi juu ya mbao badala ya mkononi mwa Januarius. Januarius akaufungua ule waya taratibu. Hakuwahi kuiona ikiwa tupu.

Akaigeuza. Akaigeuza tena. Wekundu haukuzunguka kama parafujo. Ulikuja vipande vipande, ukakutana kwenye mshono, na upande wa pili palikuwa na mshono mwingine. Hii haikuwa ya kunguru. Ilikuwa kazi ya kiwanda kingine kabisa, kile ambacho Bradha alimfundisha kukitambua kwa mishono miwili.

"Nilikudanganya siku ile," alisema. "Sikukusudia. Nilitaka zifanane."

Sayi akamuuliza kama hiyo ina maana si ndugu. Januarius alitamani kusema ndiyo. Lakini mfuko mmoja waweza kubeba gololi za viwanda viwili, akalazimika kukiri hilo pia. Kioo kilisema kilikotengenezwa, hakikusema nani alikibeba.

"Sasa nani atasema?"

"Shangazi yangu."

Alisafiri hadi Bukundi na kumkuta Apolonia, dada mkubwa wa baba yake, akipukuchua mahindi. Alipomweleza, mama yule aliacha kupukuchua. Akauliza Sayi alizaliwa lini. Akaambiwa, mwaka sabini na mbili. Apolonia akamwangalia mpwa wake kwa huruma kama anavyoangaliwa mtoto mjinga.

Alisema sabini na mbili Bujiku alikuwa anachunga ng'ombe wa baba yao hapohapo Bukundi na hajawahi kushika usukani. Udereva alifundishwa jeshini, wakati wa vita vya Uganda. Na zile gololi aliziokota hukohuko, kwenye duka lililobomoka, akamletea mwanawe. Kabla ya vita hakuna aliyewahi kumwona na gololi.

Januarius alimwomba ayaseme mwenyewe kwa Ng'washi. Wakasafiri pamoja. Akina mama wawili walikaa ndani wakizungumza Kisukuma, na Sayi na Januarius wakakaa nje, wakisikia sauti tu.

Ng'washi alipotoka, macho yalikuwa mekundu. Sayi alidhani ni furaha.

"Nilikuwa nimeshamlia baba yako," mama akasema. "Nilijua amekufa, nikamlia, nikatulia. Sasa sijui tena alipo."

Sayi akamkumbatia. Naye alikuwa amepoteza baba kwa mara ya pili, baba aliyekuwa naye kwa wiki chache tu. Januarius alisimama pembeni, furaha yake mkononi, hana pa kuiweka.

Alipojaribu kumshika mkono, Sayi aliurudisha. Si kwa hasira. Alimweleza kwamba wiki zote hizo alijilazimisha kumwona ndugu, akafaulu nusu, na nusu hiyo haiondoki kwa kuambiwa. Januarius akasema atasubiri. Msimu ukaisha, kampuni ikamwita Mwanza. Alipiga simu kila Jumamosi. Constantine aliita, na Sayi alikuja, mwanzoni akitembea. Waliongea habari za mvua, za bei ya nguo, za mama. Hakuna aliyemwita mwenzake jina lolote la mapenzi.

Mvua za kwanza zilipogonga mabati ya Somanda, Sayi alifika kwenye simu akihema.

"Mbona unahema?" Januarius akauliza.

"Nimekimbia."

Januarius akaubana mkono wa simu sikioni. Aliogopa kuharibu.

"Shangazi yako mzima?" Sayi akauliza.

"Mzima. Kwa nini?"

"Mlete tena kwa mama. Safari hii aje na maneno ya posa."