Kerezo la Chuma

Asubuhi ile Gharib alipoweka kiganja juu ya gurudumu la kerezo, mashine yake ya kuchongea mbao, alilikuta lina joto. Halikuwa joto la jua, maana jua halikuwahi kuingia katika chumba cha chini cha nyumba yake ya Mkomani, mjini Lamu. Lilikuwa joto la chuma kilichotoka kufanya kazi, na tangu jana alasiri yeye hakuwa amekigusa.

Alikuwa fundi mitambo kwa miaka thelathini na minane kule Mombasa kabla ya kurudi Lamu, na vyuma alivijua. Alisimama pale kidogo, akafuta mkono kwa kitambaa, akapanda juu kupika chai.

Kerezo lile alilipata Mokowe, kwenye uwanja wa kiwanda cha pamba kilichofungwa zamani. Lilikuwa la kukanyagwa kwa mguu kama cherehani, ila kubwa kuliko mtu, na kutu ilikuwa imelila hadi jina la mtengenezaji likapotea. Mlinzi wa pale alimwambia, "Lichukue tu, Mzee. Wengi wamelitazama wakaliacha." Gharib alilifungua vipande vipande, akavivusha kwa mashua, na mahamali wakavibeba vichochoroni hadi nyumbani. Kwa miezi minne alivilaza vyuma kwenye mafuta taa, akavisugua kwa msasa, akashona ukanda mpya wa ngozi kwa mkono wake. Hakuwa na haraka. Mkewe, Nusra, alifariki mwaka juzi. Binti yao wa pekee, Ruba, alikuwa muuguzi Mombasa, na alipiga simu kila Ijumaa. Siku nyingine zilipita Gharib hasemi neno ila salamu za njia ya msikitini.

Siku mbili baada ya lile joto, alikuta maranda sakafuni. Yeye alikuwa akikereza mkoko, na maranda ya mkoko ni mekundu. Haya yalikuwa meusi, membamba kama nywele, na yalinukia udi.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, mji ukiwa umejilaza, alisikia kanyagio. Tak. Tak. Tak. Alishuka ngazi pole pole, mkono ukutani, akijiambia ni punda kichochoroni, ni jirani anatwanga, na kila alipojiambia hivyo sauti ilizidi kuwa ya chuma chake mwenyewe, ile aliyoijua kama anavyojua kikohozi chake, hata alipofika mlangoni akaona gurudumu linazunguka na kanyagio linapanda na kushuka wala hakuna mguu juu yake. Alipoingia, likapunguza mwendo, kama mtu aachaye kazi kwa ajili ya mgeni. Kisha nyuma ya gurudumu sauti ikasema, taratibu, "Baba Ruba, yeo umekula?"

Ilikuwa sauti ya Nusra, na ile "yeo" yake ya Kiamu ambayo miaka yote ya Mombasa haikuibadilisha kuwa "leo". Gharib alijua la kufanya. Alijua aya ya kusoma. Lakini kilichotoka kinywani mwake kilikuwa, "Bado."

Tangu siku ile alishuka kila adhuhuri. Alichukua sahani mbili. Aliieleza sauti habari za bei ya samaki, za goti lake, za ndoto alizoota, nayo ikauliza maswali, na kerezo likazunguka pole pole kama mtu anayesikiliza huku mikono yake ina kazi. Sahani ya pili haikuguswa, lakini chakula chake kilichacha kabla ya alasiri. Gharib alianza kukonda. Msikitini akawa hafiki.

Bi Hindu, jirani wa ukuta mmoja, ndiye aliyempigia Ruba simu. "Baba yako anacheka peke yake huko chini," alisema. "Na mwanangu, kuna anayemjibu."

Ruba alifika Jumatano. Alipomwona baba yake alivyopungua, aliketi kwenye ngazi akalia kimya, na Gharib akaona aibu. Akamweleza yote isipokuwa maneno yenyewe yaliyosemwa. "Ni jini," Ruba alisema. "Na wewe unajua, Baba."

"Najua," alijibu. Akavaa kanzu, akatoka kwenda kumwita Sharifu Jamaludin, mwalimu wa madrasa aliyejulikana kwa kusomea nyumba zilizoingiliwa.

Njiani Sharifu alimwuliza jambo moja tu. "Ulimjibu?"

"Nilimjibu."

"Basi amepata mlango. Wa namna hii haingii mahali mpaka ajibiwe."

Walimkuta Ruba chumba cha chini. Alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kerezo kama mtoto aliyeegemea magoti ya mama yake, macho yako wazi wala hayaoni, na gurudumu linazunguka, na ncha ya mtandio wake imeingia kwenye ukanda na inavutwa, mzunguko baada ya mzunguko, hata shingo imeanza kuinama kwenye chuma, na yeye hapigi kelele wala hajizuii. Gharib alikwapua patasi, akaukata ukanda alioushona mwenyewe. Ruba akaanguka upande, akakohoa. Gurudumu halikusimama. Bila ukanda, bila mguu, liliendelea kuzunguka.

Sharifu alianza kusoma. Harufu ya udi ikawa nzito hata taa ya ukutani ikafifia. Akasoma, akasoma, kisha akageuka, jasho likimtiririka. "Mwambie atoke, Bwana Gharib. Aliyemkaribisha ni wewe."

Gharib alifungua kinywa.

"Baba Ruba," sauti ikasema, kwa upole ule ule. "Utabaki na nani?"

Akakifunga. Sharifu akamshika bega. Ruba naye alikuwa akimtazama kutoka sakafuni, alama nyekundu shingoni.

"Nusra alikata roho mikononi mwangu," Gharib alisema. "Nilimfumba macho kwa vidole hivi. Wewe humjui. Toka kwangu."

Gurudumu likakwama ghafla, kwa mlio wa chuma kinachopasuka, na ufa ukapita katikati yake toka ukingo hadi ukingo. Harufu ikakatika. Nje, punda wa kichochoroni walilia wote pamoja, kisha wakanyamaza.

Sharifu hakutaka kerezo liuzwe wala lipewe mtu. Gharib na Mahir, mwenye mashua, walilitosa vipande vipande kwenye mkondo wa maji mengi. Ruba akakaa wiki mbili, akimpikia, akimsindikiza msikitini hadi kona. Nyumba ilikuwa kimya. Gharib alilala vizuri na kuamka na huzuni, akaona hiyo ndiyo afya.

Siku ya kuondoka alivuka naye hadi Mokowe, kumpakia basi la Mombasa. Ruba alikaa dirishani. Injini ilikuwa tayari inanguruma alipoinamia kioo.

"Baba. Siku ile ulipokwenda kwa Sharifu, yule jini aliniita. Kwa sauti ya Mama."

"Lakini hukumjibu."

Ruba alitazama mikono yake. "Aliniuliza siku hizi nakaa wapi. Nilikuwa sijaisikia sauti hiyo tangu mazishi. Nikamwambia. Mtaa, nyumba, hata ghorofa."

Utingo akapiga ubavu wa basi kwa kiganja. Gharib hakuwa na begi. Mlango wa nyumba Lamu ulikuwa umerudishiwa tu, na kwenye jiko la mkaa aliacha sufuria ya maharage. Alishika chuma cha mlango wa basi, akapanda, akapita katikati ya magunia na abiria hadi kwenye kiti cha binti yake.

"Sogea," alimwambia.