Fuwele Zilizopata Joto

Kila jioni Emmah alipotoka shuleni alivua viatu mlangoni, akanawa mikono na kupasha githeri moto kabla ya kufungua vitabu. Yeye na mama yake, Magdalene, waliishi mtaa wa Membley, Ruiru. Mama alikuwa mtafiti katika maabara moja mjini Thika. Wiki hiyo alikuwa amerudi na kisanduku cheupe, baridi kama friji, akakiweka pembeni mwa sebule. Stima ilikuwa inapotea sana kule maabara, na nyumbani kulikuwa na sola.

"Usikiguse," Mama alisema. "Ndani mna fuwele za protini. Zikipata joto, kazi yetu imekwisha."

Protini hiyo ilitoka kwa minyoo wa kichocho, ugonjwa unaowapata watu wanaoingia kwenye maji yenye minyoo hao. Mama na msaidizi wake, kijana aitwaye Bedan, walitaka kujua umbo lake ili ipatikane dawa ya kuizuia. Lakini protini ni ndogo mno, haionekani hata kwa darubini yao. Kwa hiyo waliigeuza kuwa fuwele, kama chumvi inayobaki sufuriani maji yakikauka, ili fuwele hizo zimulikwe kwa miali ya eksirei. Mtambo wenye miali mikali ya kutosha ulikuwa ng'ambo, na maabara nyingi zilipiga foleni kuutumia.

Alhamisi Jackie, rafiki yake Emmah, alikuja wafanye hesabu pamoja.

"Hicho nacho ni nini?" akauliza.

"Fuwele za Mama. Zinang'aa kama almasi."

"Kwani umeziona?"

"Mara nyingi," Emmah akadanganya.

"Basi nionyeshe."

Emmah akafungua kisanduku, akatoa kisahani cha plastiki chenye vishimo vingi na kukiweka dirishani penye jua. Katika kila kishimo mlikuwa na tone la maji, na ndani ya tone chembe ndogo kuliko punje ya sukari. Jackie alisema hazing'ai hata kidogo. Wakabishana, wakacheka, kisha wakatoka kuruka kamba. Emmah alipokumbuka na kurudi mbio, kisahani kilikuwa vuguvugu. Akakirudisha, akafunga. Chembe zilikuwa bado zinaonekana, kwa hiyo akajiambia kwamba hakuna kilichoharibika.

Wiki iliyofuata Mama na Bedan walizinasa fuwele moja moja kwa vitanzi vyembamba kama unywele, wakazigandisha katika naitrojeni baridi kupindukia, wakazituma kwa ndege.

Siku ya kuzipima walikaa watatu sebuleni mbele ya kompyuta. Kwenye skrini waliuona mkono wa roboti kule ng'ambo ukichukua kitanzi na kukishika mbele ya miali.

"Fuwele ikiwa nzuri, tutaona nukta nyeusi zimejipanga," Bedan alimweleza Emmah. "Nukta hizo ndizo zitakazotuonyesha umbo."

Picha ya kwanza ilikuwa na kivuli tu, kama ukungu. Ya pili vilevile. "Labda inayofuata," Mama alisema. Inayofuata nayo ikawa ukungu. Kufikia mchana hakusema "labda" tena, alibonyeza tu. Ya mwisho ilipotoka, akafunga kompyuta polepole.

"Protini yenyewe haifai," akasema. "Tumepoteza miaka yetu."

Neno lilimfika Emmah mdomoni. Akalimeza.

Tangu siku hiyo nyumba ikapooza. Wafadhili wa utafiti walijulishwa kwamba njia ile imeshindikana. Bedan alipata kazi kiwandani, akaja kuaga. "Sioni mbele tena, Daktari," alisema. Emmah alishindwa kula. Usingizi nao ulimpaa.

Jumapili moja baada ya kanisa alimkuta Mama akipakia karatasi za utafiti kwenye katoni.

"Unazipeleka wapi, Mama?"

"Stoo. Nitatafuta kazi ya kufundisha."

Emmah akaangua kilio. "Mama, protini haina makosa. Ni mimi." Akaeleza yote: Jackie, dirisha, jua, kisahani kilichokuwa vuguvugu.

Mama aliziweka chini karatasi alizoshika, akaketi.

"Na ukamwangalia Bedan akienda?" aliuliza.

"Niliogopa ungenichukia."

"Siwezi kukuchukia. Lakini nimeumia, Emmah. Sitakuficha."

Mama alimpigia Bedan simu, lakini Bedan alikuwa amekwisha kuanza kazi mpya na hakuweza kurudi. Mama akaanza upya peke yake, akapiga foleni ya mtambo kama mgeni. Mvua za masika zikaja, zikaisha. Emmah alipika na kufua ili Mama apate kukaa maabarani Thika hadi usiku, ingawa hakuna aliyemwahidi kwamba mambo yangefaulu.

Zamu yao ilipofika, wakaketi wawili. Picha ya kwanza, ukungu. Nyingine, ukungu. Fuwele zikiwa karibu kwisha, roboti ikainua kitanzi kingine, na skrini ikajaa nukta nyeusi, safu baada ya safu.

"Hizo hapo," Mama alisema kwa sauti ya chini, machozi yakimlengalenga. Kisha akamgeukia bintiye.

"Kuharibu fuwele ni kosa linalorekebishika. Tungekuza nyingine. Lakini uliponyamaza, uliniacha niamini jambo la uongo. Nusura niache kazi yangu, na Bedan akaiacha kabisa. Ukikosea, sema mapema, hata kama unatetemeka. Mtu uliyemkosea anahitaji ukweli ili ajue aanzie wapi."

"Ndiyo, Mama," Emmah alisema.

Akasogeza kiti karibu, kwa maana fuwele chache zilikuwa bado zinangoja zamu.