Kisu Kilichochomolewa Mtini

Gogo lilipasuka bila sauti.

Fundi alidhani masikio yake yameziba. Alikilaza kisu juu ya gogo kavu, akakigonga mgongoni kwa rungu kama alivyogonga visu vingine vyote asubuhi ile, na gogo likaachana pande mbili. Lakini ule mlio wa mti kupasuka haukuja. Akagonga tena. Kimya.

"Mke wangu, umesikia kitu?"

"Nisikie nini?" akajibu mkewe, aliyekuwa pembeni akishona ala za ngozi. "Si hujagonga bado."

Wawili hao waliishi kwa visu. Kiwanda cha vifaa vya watu wa porini kiliwaletea visu visivyokunjwa, vile ambavyo chuma chake hupita ndani ya mpini mpaka mwisho, wavijaribu kabla ya kuingia sokoni. Fundi alivipasulia kuni, akavikatia kamba, akazibana ncha zake kwenye jiliwa la kubania vyuma na kuvipinda mpaka chuma kirudi chenyewe au kivunjike. Kisu kibovu, alizoea kusema, ni kama rafiki wa harusini: siku ya msiba humwoni.

Hiki cha leo hakikutoka kiwandani. Kililetwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, mlinzi wa msitu. Alikikuta kimezama kwenye shina la mti mnene, gome limeota mpaka nusu ya mpini, akakichomoa kwa furaha ya mtu aliyeokota mali.

"Nijaribie tu, shemeji," alisema. "Kikifaa nitembee nacho. Porini kisu ni ndugu."

Kilifaa kupita kiasi. Kamba nene ilikatika kabla fundi hajakaza mkono. Kwenye jiliwa kilipinda kama ufito, kikarudi. Fundi alisifu, akacheka peke yake, akasahau kula. Kufikia mchana karakana nzima ilinuka, wala si mafuta au vumbi la jiwe la kunolea. Ilinuka nyama mbichi iliyosahauliwa juani. Mkewe akafungua madirisha. Harufu ikazidi. Akanusa ngozi zake, akanusa pipa la taka, mwishowe akamsogelea mumewe, akagundua inatoka vidoleni mwake.

"Kaoge, baba," akamwambia polepole. "Na hicho kisu kiweke chini."

"Sijamaliza kukipima."

"Kuni umezipasua zote. Kamba zimekwisha. Unapima nini tena?"

Fundi alimkazia macho kama anayetazama gogo, akitafuta pa kuanzia kupasua. "Mti nimeupima," akasema, na sauti haikuwa yake, ilitoka mbali, chini kabisa ya koo. "Kamba nimeipima. Vyote havina damu."

Mlango ukafunguliwa.

"Hodi humu! Shemeji, mzigo wangu tayari?"

Kaka yake aliingia akitabasamu, mkono ameunyoosha. Fundi aliupokea kama anayesalimia, akaulaza juu ya gogo la kupasulia kuni, akashusha kisu.

Hakukuwa na sauti. Vidole viliruka vikatua kwenye vumbi la mbao, na mwenyewe akavitazama kwa mshangao kana kwamba ni vya mtu mwingine, mpaka damu ilipomrukia usoni ndipo akapiga ukelele. Fundi akamfuata ukutani, akamchoma bega, akachomoa, akalenga shingo, na mkewe, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuinua mkono kwa mtu, alimrukia mgongoni akamkita msharasi wa kushonea ngozi kwenye paja, akauzungusha humo humo, wakaanguka wote watatu juu ya visu vilivyomwagika kutoka mezani, wakigaragara, wakikatika, huyu akimng'ata yule, damu ya nani ni ya nani haijulikani, hadi majirani walipovunja mlango na kumfunga fundi kwenye benchi kwa mikanda ya ngozi. Kisu kilibaki mkononi mwake. Watu wanne walishindwa kumfumbua vidole.

Mganga alifika na mapovu ya sabuni mikononi, maana aliitwa akiwa anafua. Alikuwa mwanamke mfupi, asiye na maneno mengi. Akamshika fundi paji la uso.

"Unataka nini kwa mtu wa watu?"

"Nilifungwa mtini," jini likajibu. "Nimechomolewa. Sasa nina nyumba."

"Nyumba yako ni kisu?"

Likacheka. "Kisu ni mlango tu. Mimi nimeshaingia ndani."

Mganga akapapasa bega, akashuka kwenye kiwiko. Alipogusa kiganja alirudisha mkono haraka kama aliyeshika chungu cha moto.

"Liko hapa," akamnong'oneza mke. "Na linapanda. Likifika moyoni, mume huna."

"Liombe litoke, mama, nakusihi!"

"Hili haliombeki. Hili hukatiwa njia."

Mke alielewa. Alitikisa kichwa, akakataa, akalia. Ndipo fundi akafumbua macho, akaongea kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, ya mtu anayezama.

"Kata, mke wangu. Fanya haraka. Nalisikia kwenye kifundo cha mkono."

Akaokota kisu kipana, kile ambacho mumewe alikisifu kuliko vyote vya mwaka ule. Akakilaza juu ya mkono, chini kidogo ya kiwiko, akashika rungu, akagonga mgongo wa kisu kama alivyomwona yeye akigonga. Mfupa ulilia. Akagonga tena, akipiga mayowe kumshinda mumewe, na tena, mpaka mkono ukadondoka, kiganja bado kimekumbatia mpini. Vioo vya madirisha vikapasuka vyote kwa pamoja. Mganga aliuzoa mkono na kisu chake kwa shuka bichi, akavitupa kwenye tanuri la kutilia vyuma moto, akasimama hapo mpaka mkono ukawa jivu na chuma kikayeyuka.

Hospitali waliambiwa ni ajali ya msumeno. Kaka mtu alipona bega, vidole basi. Fundi alirudi nyumbani amekonda, lakini ni yeye, na utani wake.

"Umenipunguzia kazi ya kukata kucha," alimwambia mkewe, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Mchana mmoja, jua likiwa limejaa chumbani, aliinama kumbadilishia bendeji. Vidole vitano vya baridi vikamfunga koo.

Hakuweza kupiga kelele. Alitupa macho chini, akauona mkono wa kushoto wa mumewe umeshika kikombe. Upande wa kulia kigutu kilichofungwa bendeji kilikuwa kimeinuliwa mbele ya shingo yake, na baina ya kigutu na shingo hapakuwa na kitu. Mumewe alikuwa akitokwa na machozi.

"Nausikia unakukaba, mke wangu," akanong'ona. "Nauambia uache. Haunisikii."