Picha Iliyokaa Kati ya Mishumaa

Wiki ya kufungua shule, duka la vifaa vya shule lilifurika. Watu walibanana mbele ya kaunta kama kuni kwenye mzigo, kila mmoja akipaza sauti ahudumiwe yeye. Mwalimu, ndani ya gauni lake la njano lenye mifuko mikubwa, alikuwa ameshika bunda la mwisho la karatasi laini za rangi alipoona upande wa pili umeshikwa na mtu.

"Samahani dada, hili nimeliwahi mimi."

"Umeliwahi wapi, kaka? Mkono wako ndiyo kwanza unafika."

"Mkono umechelewa. Macho yalifika zamani."

Mwalimu akacheka kabla hajakusudia. Mwanamume yule alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, miwani miwili ikining'inia kifuani. Alikuwa fundi wa miwani, na karatasi zile alizitaka za kufungia kazi za wateja.

"Na wewe za nini?"

"Za wanafunzi wangu. Nafundisha watoto Kihispania kwenye mtandao. Kule Meksiko watu huzikata kwa mkasi zikatoka ndege na maua, wakazitundika kwenye kamba wakati wa sherehe."

"Basi tugawane nusu kwa nusu. Ila unipe namba yako, nijue hao ndege wameruka salama."

Ndege waliruka. Fundi alimwandikisha mpwa wake, binti wa dada yake, ambaye nyumbani walimwita Chiriku kwa vile hakujua kunyamaza. Tovuti ya Mwalimu ilikuwa na nyimbo, hadithi na michezo, na mtoto akitamka neno sawasawa, sauti ya Mwalimu mwenyewe iliitika: "Muy bien! Vizuri sana!" Fundi alikuwa akisogeza kiti karibu, akijidai anamsaidia mtoto.

Jioni alipiga simu.

"Maestra wangu, umekula?"

"Maestra ni jina la watoto, wananiita mwalimu wao. Wewe tafuta lako."

"Nikikuita ninavyotaka utakata simu."

"Jaribu."

Hakujaribu. Na Mwalimu naye hakumsaidia. Walikuwa kama wageni wawili mlangoni: tangulia wewe, hapana, tangulia wewe.

Ndipo Mwalimu akaanza kutengeneza masomo mawili mapya. La kwanza lilihusu familia. La pili lilihusu siku ambayo Wameksiko huwakumbuka wafu wao: hupanga meza, wakaweka maua ya rangi ya machungwa, mkate, mishumaa na picha za marehemu, ili wapendwa wakija kutembea wajue hawajasahauliwa. Kwenye meza alitaka kuweka picha ya babu yake aliyefariki. Kwenye familia alihitaji baba, mama, shangazi, mume. Kwa mume akachukua picha ya Fundi aliyompiga siku moja kwenye duka lake la miwani, akicheka, akaiweka juu ya maneno "mi esposo", mume wangu. Akajiambia ataitoa kabla ya kufungua masomo. Ila kila alipotaka kuitoa aliitazama kwanza, na akishaitazama, kuitoa kulimshinda.

Wiki hiyo kazi ilimzonga hata simu hakupokea. Alipofungua masomo, akaenda kuoga akiimba. Alitoka bafuni simu ikiita.

"Maestra!" Alikuwa Chiriku, analia. "Mjomba amekufa lini? Mbona asubuhi alikunywa chai?"

Mwalimu akafungua tovuti. Picha zilikuwa zimebadilishana nafasi. Fundi alikaa kati ya mishumaa na maua, anacheka meno yote nje. Na kwenye familia, juu ya "mi esposo", alikuwa babu na kofia yake na pengo lake. Mwanafunzi mmoja alishaandika chini: "Maestra, mume wako ni mzee lakini anapendeza."

Simu ikaita tena. Fundi alizungumza polepole.

"Siku zote hizi hupokei simu, kisha unaniwashia mishumaa. Kama umenichoka, si ungesema tu?"

"Siyo hivyo! Nimekosea. Picha yako ilikuwa iende pengine."

"Wapi?"

Mwalimu akalitazama pengo la babu kwenye skrini.

"Pengine tu."

"Haya, Mwalimu." Hakuwahi kumwita hivyo. Akakata.

Mwalimu akairudisha picha ya babu mezani. Ya Fundi aliishika kwa muda. Angeweza kuifuta, akatafuta uongo mdogo, mambo yakapoa, na Fundi naye akapoa moja kwa moja. Babu akamtazama toka kwenye maua. Enzi za uhai wake hakuchoka kumwambia: mficha uchi hazai.

Asubuhi akavaa gauni la njano, akaenda kwenye duka la miwani. Fundi alikuwa anafuta lenzi ambayo ilikuwa safi tayari. Mama yake alikuwa kwenye benchi la wateja, Chiriku kando yake na tableti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemzika mwanangu bila kunialika?"

"Ni mimi, mama. Nimekuja kumfukua." Akamgeukia Fundi. "Uliniuliza picha yako ilikuwa iende wapi. Chiriku, fungua somo la familia, umsomee mjomba."

Mtoto akabofya. Akatulia, jambo lisilo kawaida yake, kisha akapiga kelele.

"Mjomba ni mume wa Maestra! Imeandikwa hapa!"

Fundi akavaa miwani, akavua, akavaa ile nyingine.

"Hii nayo ni makosa?"

"Hiyo sijakosea. Ndiyo maana jana nilishindwa kusema."

"Basi jana nimelala maiti, leo nimeamka bwana harusi," akasema Fundi. "Na mimi niliogopa kukuita ninavyotaka!"

"Wee, bwana harusi wa kwenye kompyuta," Mama akaingilia, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mdomo unao, ukae kimya?"

Fundi akainama kwenye tableti. "Chiriku, mke wangu husemwaje?"

"Mi esposa."

Akabonyeza kinasa sauti, lakini macho yake yalikuwa kwa Mwalimu.

"Mi esposa," akasema. "Utakubali?"

Mwalimu akafungua mdomo, na kabla hajatamka, sauti yake mwenyewe ikaruka kutoka kwenye tableti, changamfu, haina aibu hata kidogo:

"Muy bien! Vizuri sana!"

"Ameshajibu," akasema Mama.