Supu Bila Majani ya Kitunguu

"Wee kaka mwenye suti! Meza ya watu wanne unaikalia peke yako? Sogea huko!"

Ndivyo Miryeong, mwenye mkahawa, alivyomkaribisha Gyutae siku ya kwanza, adhuhuri moja ya vuli, mkahawa umejaa madereva wa malori hadi mlangoni. Gyutae, mtu wa ofisi kutoka Seoul, alisimama pale njiani, mjini Yeoju, kwa sababu ya malori hayohayo, maana madereva hawaegeshi penye supu mbaya. Akasogea. Alipoletewa bakuli la supu ya mifupa, akaanza kuchambua majani ya kitunguu kwa vijiti.

"Makubwa! Mtu mzima unachagua mboga?"

"Yananipalia, dada."

"Yanakupalia au unadeka tu?"

Lakini alimbadilishia bakuli. Jumamosi iliyofuata Gyutae akarudi, na iliyofuata tena, na hata madereva walijua hafuati supu. Miryeong alikuwa mjane mwenye mikono iliyoiva kwa maji ya moto na kicheko cha kusikika hadi kituo cha mafuta. Baridi yote ile walikuwa kwenye simu.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula, ila wewe sijakushiba."

"Nitolee uongo wako hapa!"

Jambo moja lilimkera Miryeong: hakumjua hata rafiki mmoja wa Gyutae. "Unanificha kwani umeniiba?" alimuuliza. Basi maua ya cheri yalipochanua, Gyutae akapiga simu.

"Jumapili nacheza gofu huko na wenzangu. Tukimaliza nawaleta kula. Nitawaambia wewe ndiye nitakayekuoa."

"Apa."

"Haki ya Mungu, mpenzi."

Jumapili Miryeong alivaa blauzi ya hariri ya kijani chini ya aproni, akapaka rangi ya mdomo, akajitazama kwenye kioo cha friji mara kibao. Wakaingia Gyutae na wenzake watatu wenye kofia nyeupe, nyuso nyekundu kwa jua. Aliyetangulia ni Sangpil, mfanyabiashara mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye wenzake walicheka kila alipocheka.

"Gyutae, hapa umepajuaje?"

Gyutae akafungua mdomo. Miryeong alisimama na sinia lake, akisikiliza.

Sangpil hakungoja jibu. "Na huyu mama mdogo kajipodoa hivi, anamwinda dereva gani?"

Wakaangua kicheko. Gyutae naye akacheka. Jamani, akacheka!

"Niliona malori tu nje," akasema. Kisha, bila kuinua macho: "Mama mdogo, tuletee supu nne."

Kwetu kila mteja humwita mwenye mkahawa mama mdogo, wala si tusi. Lakini kwa mdomo uleule ulioapa! Hata hivyo Miryeong akaleta supu, tatu zenye majani ya kitunguu na moja bila. Mkono ulishazoea.

"He, mbona yako haina majani?" Sangpil alishangaa. "Amejuaje?"

"Bahati tu," alisema Gyutae.

Miryeong aliingia jikoni akalia, aproni mdomoni wasimsikie. Siku zilizofuata simu yake iliita mpaka ikachoka, asipokee.

Gyutae akaja mwenyewe, pete mfukoni.

"Nisamehe, mpenzi. Sangpil ana mdomo mchafu. Nilishikwa na aibu."

"Aibu ya nini?"

Gyutae akaipapasa pete mfukoni.

"Sema, Gyutae. Aibu ya nini?"

"Ya kuchekwa."

"Aliyechekwa ni mimi. Na supu nikakuletea."

"Nitampigia sasa hivi, mbele yako. Nitamwambia kila kitu." Tayari alishatoa simu.

"Ungemwambia nikiwa nimesimama pale na blauzi yangu. Leo utakuwa unamwambia nini? Kwamba ulinikana?" Akafuta meza kwa kitambaa. "Unakula, au unazuia meza ya watu?"

Gyutae akaketi. Alipoletewa bakuli, majani ya kitunguu yalikuwa yamelifunika lote juu, kama la mteja mwingine yeyote.

"Miryeong..."

"Hapa naitwa mama mdogo."

Akala. Hakuchambua hata jani moja. Yalimpalia, akakohoa hadi machozi yakamtoka, na madereva wakageuka kumtazama.

Miryeong akamletea glasi ya maji, akaiweka mezani, akaenda kuwauliza waliokuwa mlangoni wako wangapi.