Mke wa Kapteni Hana Mantiki

"Huyu mke wa kapteni ndiye mhusika wa hovyo kuliko wote," alisema Wendell, macho kwenye kompyuta. "Sikia nilivyomwandika."

Odette aliendelea kumpakia siagi kwenye mkate. Ndiyo desturi ya nyumba yao pale Burbank, mji wa studio za televisheni: Wendell ni mhakiki wa televisheni gazetini, na kila uhakiki humsomea mkewe kabla ya kuutuma. Asichokijua asubuhi hiyo ni kwamba Pearl Baptiste, mwandishi wa tamthilia hiyo ya chombo cha anga, ndiye huyo mwenye kisu cha siagi. Odette alijificha nyuma ya jina la marehemu mama yake, maana mke wa mhakiki hapewi kazi kirahisi mjini pale.

"Mume anapotea siku tatu, anarudi na hadithi ya mtambo kuharibika. Mke anamfungulia, anampa chakula. Sehemu ya pili anaokota hereni ya mwanamke mwingine. Anasamehe tena, na hatuambiwi kwa nini. Mantiki iko wapi?"

"Labda anampenda."

"Mpenzi, watazamaji si mazuzu. Mwanamke mwenye akili zake angeshaondoka."

Odette akaweka kisu chini. Miaka miwili ameyameza hayo yote kimya, na leo aliyemmezesha ndiye anayemwona hana akili.

"Angeondoka lini?"

"Siku ile ya hereni."

"Ile ya kijani?"

Wendell akainua macho. "Pale ni giza, rangi haionekani. Halafu tamthilia yenyewe haijatoka, tumetumiwa wahakiki tu. Wewe umeiona wapi?"

"Chini ya kiti cha gari letu, Wendell. Na mtambo ulioharibika ni lile gari uliloniambia limekufia San Diego. Pearl Baptiste ni mimi."

Jamani, kuna aibu nyingine mtu hujichimbia kwa mikono yake. Rangi yote ilimtoka Wendell usoni.

"Nitaufuta huu uhakiki."

"Usiufute. Kila ulichoandika ni kweli. Nimebakiza kuandika sehemu ya mwisho, watayarishaji wanaisubiri leo, na mimi mwenyewe sijui huyu mwanamke abaki kwa lipi. Nipe sababu moja. Si ya kwenye chombo cha anga. Ya humu ndani."

"Odette, mke wangu..."

"Niambie basi umeachana na mwenye hereni."

Wendell akatazama sahani yake. Kama angesema ndiyo, hata ya uongo, Odette angemwamini. Alijijua. Alisubiri mpaka chai ikapoa, na neno hilo halikutoka.

"Lakini si unanipenda?" aliuliza Wendell hatimaye.

"Nakupenda mno. Ndiyo maana nimechelewa hivi."

Machozi yalimtoka Odette, hakuyafuta. Alichukua simu akampigia dada yake kule Pasadena, akiwa amekaa palepale mezani, mbele ya mumewe.

"Dada Yvette, kile chumba cha nyuma bado kiko wazi?"

"Kipo. Mnakuja lini?"

"Nakuja leo."

"Na Wendell?"

Odette alimtazama mume wake.

"Hapana, dada. Nakuja peke yangu."