Doa la Milimita Tisini na Nne

"Chipa Moja, anaingia. Shati la kijani."

Nimia Cabañas, ambaye redioni aliitwa Chipa Moja, alizima redio chini ya kaunta. Siku nne sasa jasusi huyu alijifanya muuza vipuri vya printa, katikati ya jiji la Ciudad del Este. Mpwa wake Belén, miaka tisa, alikuwa taabani hospitalini. Insulini aliyochomwa ilikuwa bandia, maji matupu.

Shehena nyingine ya insulini hiyo ingesambazwa saa sita mchana. Ilifichwa wapi, hakuna aliyejua.

Walichokuwa nacho ni karatasi moja ya lebo bandia, iliyochapwa kwa printa ya nyumbani. Ilikuwa na doa jeusi lililojirudia kila milimita tisini na nne. Doa la namna hiyo huachwa na dramu, silinda ya printa, iliyochubuka; mwenyewe angelazimika kuja kununua nyingine.

Shati la kijani likaegemea kaunta.

"Mrembo, nipe dramu ya printa. Ya bei poa."

"Printa gani, kaka?"

"Ndogo, nyeusi."

"Hata panya wangu yuko hivyo. Nisomee namba. Na karatasi iliyochafuka umekuja nayo?"

Kila muuzaji pale huuliza hivyo. Karatasi ndiyo husema kama ubovu uko kwenye wino wa unga au kwenye dramu.

Jamaa akasoma namba kwenye simu, kisha akatoa karatasi. Nyeupe, bila neno hata moja. Mjanja. Alichapa ukurasa mtupu.

Lakini madoa yalikuwapo.

Nimia akaweka rula. Tisini na nne. Tena tisini na nne. Upande uleule wa kushoto, umbali uleule kutoka ukingoni.

Ni yeye.

Bastola yake ya Bersa ilikuwa kiunoni. Mkono ukamwasha.

Bado. Kwanza masanduku ya insulini.

"Wino wako mzima. Dramu ndiyo imechubuka."

"Basi nipe ile ya boksi la bluu, rahisi."

"Haiingii kwenye yako."

Akaikagua namba mara mbili, akachagua inayofaa kabisa. Angekosea tu, jamaa angerudi kugombana dukani, na saa sita ingepita.

"Usiifungulie juani, itaharibika."

"Una roho nzuri, mrembo."

"Sina."

Saa tano na dakika kumi. Gaspar, mwenzake Nimia, alimfuata jamaa kwa pikipiki aina ya Kenton.

"Chipa Moja, kaingia nyumba ya geti jeupe, nyuma ya kiwanda cha mbao."

"Nakuja."

Mlango uliruka kwa teke moja la Nimia. Printa ilikuwa inatema lebo safi. Masanduku yalifika darini.

"Mikono juu, mbwa wewe!"

Jamaa akakodoa macho. "Wewe wa dukani? Mbona uliniuzia nzuri?"

"Ningekupa mbovu ungerudi dukani. Mimi nilikutaka nyumbani."

Akamtia pingu, akazikaza mpaka jamaa akapiga yowe.

"Chipa Moja, hali?" mkuu wao aliuliza redioni.

"Hakuna sanduku lililotoka. Mje mumchukue kabla sijabadili mawazo."

Akachomoa waya wa printa ukutani, akamwachia Gaspar ulinzi, akavaa miwani ya jua, akatoka taratibu kuelekea hospitali.